Maikrokontrola ipi inafaa kupima nguvu ya mshiko wa mkono: Uno, ESP32 au Pico?

Mchomeaji (mleta uzi)
Salaam wanajukwaa. Ninatengeneza kifaa cha kupima nguvu ya mshiko kwa ajili ya mjomba wangu, ambaye anafanya mazoezi ya kiganja baada ya kupata kiharusi, na lengo ni kuona wiki baada ya wiki kama mkono unarudisha nguvu. Nimekwisha kununua sensa ya FSR 402, ile ya duara yenye mkia mwembamba, na nimeiunganisha na Arduino Uno pamoja na rezista ya omu 10,000. Inasoma, lakini nikibonyeza kidogo tu namba inapanda haraka, na nikizidisha nguvu karibu haiongezeki tena. Rafiki yangu anasema kosa ni la Uno, kwa kuwa kigeuzi chake cha analogi, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, kina biti 10 tu, na ananishauri nihamie ESP32 au Raspberry Pi Pico ambazo zina biti 12. Nichague ipi? Na je, ipo ya bei nafuu zaidi ambayo sijaifikiria?

Jongoo wa Waya
ESP32, na uzi ufungwe. Ina megahezi 240, Wi-Fi na Bluetooth, na matokeo utayasoma kwenye simu. Uno ina megahezi 16 na kumbukumbu ya kilobaiti 2. Hivi bado kuna mtu anauliza?

Bi Lehemu
Uzi usifungwe kwanza, Jongoo. Mleta uzi hakulalamikia kasi wala kumbukumbu. Amesema namba zinagota juu, na jambo hilo linaelezeka kwa hesabu ya darasani kabla hatujamtuma mtu dukani.

FSR ni rezista ambayo ukinzani wake hushuka kadiri inavyobanwa. Bila mzigo huzidi omu milioni moja, kwa kilo moja huwa takribani omu 1,000, na kwa kilo 10 huwa takribani omu 250. Ukiiweka juu ya rezista ya omu 10,000 kwenye volti 5, kilo moja itakupa volti 4.55 na kilo 10 zitakupa volti 4.88. Uno inagawa volti 5 katika hatua 1,024, kwa hiyo kilo moja itasomeka kama 931 na kilo 10 kama 999. Kilo tisa nzima zimebanwa ndani ya hatua 68. Sasa badilisha rezista uweke ya omu 1,000: kilo moja itasomeka 512, kilo 10 zitasomeka 819, na umepata hatua 307 kwa Uno ile ile. Ukienda kwenye biti 12 ukabaki na rezista ya zamani unapata hatua 272. Rezista moja imeishinda bodi nzima, na bado hujatoka nyumbani.

Mchomeaji
Ahsante sana, Bi Lehemu. Nimeweka ya omu 1,000 na kweli namba zinapanda kwa nafasi. Hata hivyo nikibana vile vile mara mbili mfululizo sipati namba ile ile, hasa kidole kikikaa pembeni kidogo.

Kipimajoto
Hiyo ndiyo tabia ya FSR, na hakuna maikrokontrola itakayoiponya. Sensa hizi zilibuniwa kutambua kwamba kitu kimeguswa, kimeguswa kidogo au sana, kama kitufe cha ngoma ya kielektroniki au kiti kinachojua kwamba mtu ameketi. Mtengenezaji mwenyewe anaandika kwamba sensa mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kwa asilimia kadhaa, na hapo hatujagusa suala la namna nguvu inavyotawanyika juu ya duara, wala ile hali ya kusoma namba moja unapopanda na nyingine unaposhuka. Tena kuna jambo ambalo hakuna aliyeuliza: mshiko wa mtu mzima mwenye afya unaweza kupita kilo 40, ilhali FSR 402 inaishia karibu na kilo 10. Swali la kwanza si maikrokontrola ipi. Swali la kwanza ni nguvu kiasi gani, na kosa kiasi gani unaweza kulivumilia.

Jongoo wa Waya
Mtu ameuliza bodi, anajibiwa falsafa.

Mazoezi ya Kiganja
Nafanya kazi ya fiziotherapia, kwa hiyo niruhusuni niongeze upande wa mgonjwa. Kifaa kinachotumika sana hospitalini ni Jamar, chenye mpini unaorekebishwa katika nafasi tano, na kipimo chake kinafika takribani kilo 90. Tunamketisha mtu, kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa pembe ya nyuzi 90, anabana kwa sekunde chache, tunarudia mara tatu na kuchukua wastani. Kwa aliyepata kiharusi mshiko unaweza kuwa wa kilo mbili au tatu tu mwanzoni, na hapo tofauti ya nusu kilo ni habari njema kubwa kwake. Kwa hiyo mleta uzi anahitaji kifaa kinachosoma vizuri chini kabisa, na ambacho hakitavunjika siku mjukuu mwenye nguvu atakapokijaribu.

Mzee wa Transista
Basi jibu ni lodiseli, yaani kile kipande cha chuma kilichobandikwa vipande vinne vyembamba ambavyo ukinzani wake hubadilika chuma kinaponyooka au kujikunja. Chukua ya umbo la S yenye uwezo wa kilo 100. Ila tahadhari, usiiunganishe moja kwa moja kwenye mguu wa analogi. Lodiseli ya kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha, kwa hiyo kwa volti 5 itatoa milivolti 10 tu ikiwa imebeba kilo zote 100. Hatua moja ya Uno ni milivolti 4.88. Utapata hatua mbili tu, yaani kifaa kitatofautisha kilo sifuri, kilo 50 na kilo 100 basi.

Rununu
Uno ya zamani, sawa. Lakini Uno R4, iliyotoka 2023, ina kigeuzi cha biti 14. Tatizo limekwisha.

Bi Lehemu
Ndugu Rununu, R4 ina biti 14 ndani yake, lakini ukitumia amri ya kawaida ya kusoma analogi inakurudishia biti 10 mpaka uiamuru vinginevyo kwa analogReadResolution. Na hata ukiiamuru, volti 5 zikigawanywa kwa 16,384 kila hatua ni milivolti 0.3, hivyo milivolti 10 zitakupa hatua 33. Kilo tatu za mgonjwa zitakuwa hatua moja. Haitoshi.

Miguu Minane
Naomba niitetee ATtiny85, ambayo hapa haijatajwa kwa sababu haina jina la kujivunia. Ni chipu ya miguu minane, ina kilobaiti 8 za programu na baiti 512 za kumbukumbu, na ndani yake mna uwezo ambao ATmega328P ya Uno haina: inasoma tofauti ya volti kati ya miguu miwili na kuikuza mara 20. Milivolti 10 zikikuzwa mara 20 ni milivolti 200, na ukitumia rejea yake ya ndani, yaani volti ya kulinganishia, ya 1.1 unapata hatua 186. Ukichukua wastani wa masomo mengi unakaribia kipimo cha maana bila chipu ya pili. Hilo ndilo jibu la swali la bei nafuu.

Bi Lehemu
Hesabu yako ni sahihi na nimeipenda, lakini umepoteza kitu njiani. Lodiseli inalishwa na volti 5 za USB, ambazo hupanda na kushuka, ilhali rejea yako ya 1.1 imesimama peke yake. Volti za USB zikishuka kwa asilimia mbili, kilo nazo zinashuka kwa asilimia mbili, na mgonjwa ataambiwa amedhoofika kwa sababu ya chaja ya simu.

Miguu Minane
Hilo nalikubali kwa kiasi. Unaweza kupima volti za umeme kwa rejea hiyo hiyo kisha ukarekebisha ndani ya programu.

Mzee wa Transista
Unaweza, na kwa baiti 512 itakuwa zoezi zuri la mwezi mzima. Wengine wote hutumia HX711. Ni kigeuzi cha biti 24 kilichotengenezwa makusudi kwa mizani, kinakuza mara 128, kinasoma mara 10 au 80 kwa sekunde, na rejea yake inatokana na volti zile zile zinazolisha lodiseli, hivyo mabadiliko ya umeme yanajifuta yenyewe. Kinahitaji miguu miwili tu ya maikrokontrola. Ukikiweka, swali la biti 10 au 12 linakufa, kwa sababu huitumii tena analogi ya bodi. Kuchagua bodi kwa ajili ya biti zake baada ya hapo ni kununua mizani ya dhahabu kupimia viazi.

Jongoo wa Waya
Kwa hiyo bodi yoyote inafaa, na katika hizo zote yenye Wi-Fi ni moja. Nimeshinda.

Rununu
Iko pia Pico W, Jongoo. Ina Wi-Fi.

Kipimajoto
Tena kauli ya "bodi yoyote" ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni volti. HX711 ukiilisha volti 5, mguu wake wa data nao hutoa volti 5, na miguu ya ESP32 na ya Pico imekusudiwa volti 3.3, zipo zilizovumilia na zipo zilizoungua. Ilishe volti 3.3 au punguza kwa rezista mbili. Uno haina shida hiyo. Mtego wa pili haujulikani sana: mguu wa saa wa HX711, ule unaopokea mapigo ya kusomea kutoka kwenye bodi, ukibaki juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60, chipu inajizima. Programu ikikatizwa na shughuli za Wi-Fi katikati ya kusoma, utapata namba za ajabu mara moja moja, kisha utailaumu sensa. Maktaba nzuri, yaani programu za kusomea zilizoandikwa tayari, huzuia ukatizaji huo wakati wa kusoma, lakini si zote.

Rununu
Hapo Pico inaongoza, kwa kuwa ina sehemu iitwayo PIO, ambayo hutoa mapigo ya saa yenyewe bila kujali programu kuu inafanya nini. Ongeza biti 12 za analogi, ongeza kilobaiti 264 za kumbukumbu, na ilipotoka Januari 2021 iliuzwa dola 4.

Bi Lehemu
PIO nakubali kabisa. Biti 12, hapana. Nyaraka za RP2040, chipu ya Pico, zenyewe zinasema biti zenye manufaa ni karibu 8.7, na kuna hitilafu iliyoorodheshwa kwa jina la E11, ambapo kigeuzi kinaruka katika namba nne fulani. Kwa analogi tupu, Uno ya "zamani" haiaibiki mbele yake. Na ESP32 ya kwanza haisomi vizuri karibu na sifuri wala karibu na volti 3.3, na nusu ya miguu yake ya analogi, ile ya kundi la ADC2, haisomeki Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Nayaeleza haya kwa ajili ya watakaosoma uzi huu wakiwa na FSR, si kwa mleta uzi.

Asali ya Tabora
Nafuatilia kwa makini, kwa kuwa natumia lodiseli chini ya mzinga wa nyuki kujua asali inaongezeka lini. Kwangu mimi kasi na biti si kitu. Shida ni betri. Uno haifai porini, kwa sababu hata ATmega328P ikilala, kidhibiti cha volti na chipu ya USB kwenye bodi vinaendelea kula umeme. Nilihamia kwenye chipu tupu iliyochomelewa kwenye bodi ndogo. Ndipo nikagundua kwamba mlaji mkubwa ni lodiseli yenyewe: ya omu 350 kwenye volti 5 inakula miliampea 14 muda wote, zaidi ya HX711 mara nyingi. Nikaweka transista ya kuikatia umeme kati ya kipimo kimoja na kingine.

Jongoo wa Waya
Na asali ukiiuza kwa mizani hiyo, Wakala wa Vipimo watakutembelea.

Asali ya Tabora
Mizani ya mzinga haiuzi kitu, ndugu yangu. Ya sokoni ina muhuri wao. Ila nina swali la kwangu: kila mchana mzinga unakuwa mwepesi kidogo, jioni unarudi. Ni joto?

Mzee wa Transista
Au ni nyuki waliotoka kwenda kazini.

Mchomeaji
Wakuu, nimerudi. Nimepata lodiseli ya umbo la S ya kilo 100 na bodi ya HX711, nimebaki na Uno kwa sasa. Kwa kuipima natundika jerikeni la lita 20 la maji. Namba hazirukiruki tena, lakini kuna jambo jipya: nikiwasha na kutundika jerikeni, uzito unaosomeka unapanda polepole kwa dakika kadhaa, kisha unapunguza mwendo bila kusimama kabisa. Jerikeni halivuji, na kama lingevuja namba zingeshuka. Je, hii ndiyo sababu ya kubadilisha bodi?

Jongoo wa Waya
Ni volti 5 za USB ya kompyuta. Hamia bodi yenye umeme safi.

Bi Lehemu
Mzee amekwisha kueleza kwamba HX711 inalinganisha na volti zile zile zinazolisha lodiseli. USB inaweza kuleta kelele, lakini kupanda polepole kwa upande mmoja si tabia yake.

Mzee wa Transista
Ni joto la ndani. Omu 350 kwenye volti 5 ni miliwati 71, zinazochemka ndani ya kipande kidogo cha chuma. Ukiwasha, vile vipande vinne havipati joto sawasawa, na mpaka vitulie namba itatembea. Washa nusu saa kabla ya kupima.

Kipimajoto
Mimi nasema ni mtambao. Chuma kikibeba mzigo hunyooka mara moja, kisha huendelea kunyooka kidogo sana, na gundi iliyobandika vile vipande nayo hulegea chini ya mzigo. Viwanda bora huchagua vipande ambavyo mtambao wake unapingana na ule wa chuma ili vifutane. Vya bei nafuu havifutani vizuri, ndiyo maana wengine huona namba ikipanda na wengine ikishuka. Kuna njia ya kututenganisha mimi na Mzee. Iwashe bila mzigo wowote na uandike namba. Ikitembea, ni joto. Ikitulia, kisha ikaanza kutembea baada ya kutundika, na ukitoa jerikeni isirudi sifuri papo hapo, ni mtambao.

Asali ya Tabora
Na msisahau boriti. Kwangu ubao ulikuwa ukijikunja polepole chini ya mzinga, na lodiseli ikawa inavutwa kwa pembe. Imetundikwa kwenye nini?

Mchomeaji
Imetundikwa kwenye ubao wa mlango wa stoo. Nimefanya jaribio la Kipimajoto. Bila mzigo namba inatembea kidogo baada ya kuwasha, kisha inatulia. Nikitundika inatembea tena, na nikitoa jerikeni inabaki juu ya sifuri kwa muda kabla ya kurudi.

Mzee wa Transista
Nilisema ni joto.

Kipimajoto
Amesema inatulia, kisha inatembea tena kwa mzigo. Soma vizuri, Mzee wangu.

Mzee wa Transista
Nimesoma. Amegusa chuma kwa mikono alipokuwa anatundika, na mkono una nyuzi zaidi ya 30.

Mazoezi ya Kiganja
Mabishano haya yananifurahisha, lakini mgonjwa anabana kwa sekunde tatu hadi tano. Kifaa kikijiweka sifuri kabla ya kila mbano, mwendo wa dakika kumi unamdhuru vipi? Mimi ningejali zaidi kasoro ya kusoma mara 10 kwa sekunde, kwa sababu wagonjwa wengi hufikia kilele kisha hulegea ghafla.

Bi Lehemu
Hoja hiyo ina uzito, na inarudisha suala kwenye HX711. Kwenye bodi nyingi mguu wa kasi umefungwa kwenye ardhi, kwa hiyo inasoma mara 10 na huchukua milisekunde 400 kutulia. Ukiunyanyua mguu huo na kuunganisha na volti chanya, inasoma mara 80 na kutulia kwa milisekunde 50. Kelele zitaongezeka, kutoka nanovolti 50 hadi 90, lakini kwa lodiseli ya kilo 100 hiyo bado ni chini ya gramu moja, wakati kosa la lodiseli yenyewe, ikiwa imeandikwa asilimia 0.05, ni gramu 50. Usidanganywe na biti 24.

Rununu
Kwa mara 80 kwa sekunde, Uno itaweza kweli?

Bi Lehemu
Itaweza na itabaki na muda wa kulala.

Miguu Minane
Na ATtiny85 pia.

Mchomeaji
Nimewaelewa. Je, niandike matokeo kwa kilo au kwa nyutoni? Nilizidisha kwa 9.81.

Kipimajoto
Karibu na ikweta ni 9.78. Tofauti ni asilimia 0.3, ndogo kuliko kosa la mshiko wenyewe, lakini ukiipima kwa jerikeni na kuandika kwa kilo, hesabu hiyo haihitajiki kabisa. Ila jerikeni ulijaza kwa mizani au kwa alama ya plastiki? Alama zile haziaminiki.

Mchomeaji
Kwa alama. Nitatafuta mawe ya mizani. Kuhusu ubishi wa joto na mtambao, kuna jaribio jingine?

Mzee wa Transista
Liko. Toa lodiseli, weka mahali pake rezista nne za kawaida zilizofungwa kama vile vipande vinne vya lodiseli, mpangilio uitwao daraja. Rezista hazina mtambao wa mzigo. Namba ikitembea bado, basi si chuma wala gundi, ni bodi ya HX711 yenyewe, na mimi na Kipimajoto tutakuwa tumebishana bure.

Mchomeaji
Omu 350 sijaziona dukani, zipo za 330.

Bi Lehemu
Za 330 zinafaa, lakini nunua za kosa la asilimia 1, na nunua zaidi ya nne ili uchague kwa multimita zile zinazolingana. Rezista moja tu ikitofautiana na wenzake kwa asilimia 1, daraja linatoa takribani milivolti 12.5 bila mzigo wowote, na HX711 kwa ukuzaji wa 128 inaishia milivolti 20. Za asilimia 5 zinaweza kukupeleka nje ya kipimo kabla hujaanza, kisha utaona namba moja isiyobadilika, na Jongoo atakwambia ununue ESP32.

Jongoo wa Waya
Nitamwambia hivyo hata zikilingana.